Lori Lililoonekana Tupu: Kuunda Fiat 682T kwa Skeli ya 1:20

Insha hii inahusu lori moja na barabara moja. Lori ni Fiat 682T, kichwa cha kuvuta tela kilichoundwa Italia. Barabara ni ile iliyounganisha bandari ya Dar es Salaam na Ukanda wa Shaba wa Zambia, ambayo madereva wa Kiingereza na magazeti yao waliibandika jina la Njia ya Jehanamu. Niliunda modeli ya lori hilo kwa skeli ya 1:20 kama kazi ya vitendo ya somo la historia ya uchumi, na iliniletea maswali ambayo sikuyakuta katika vitabu tulivyosoma darasani. Hoja yangu ni nyepesi: vitabu vinahesabu tani, na tani hazina umbo. Ukilazimika kuzipanga juu ya tela kwa mkono wako, unaanza kuona mambo mengine.

Nianze na mazingira. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa nchi isiyo na bahari. Reli yake ilielekea kusini, na mafuta yake yalipitia Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Mwezi uliofuata Uingereza iliiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, na Zambia, ambayo haikuwa na kosa lolote, ikakatiwa mafuta pamoja nayo. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa ya mafuta angani, lakini nchi yenye migodi mikubwa haiwezi kuishi kwa ndege. Ilibaki barabara ya kaskazini: kutoka Kapiri Mposhi kupitia Mpika hadi mpakani Tunduma, kisha Mbeya, Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi, Morogoro na Dar es Salaam. Ni safari inayokaribia kilomita 1,900 ukihesabu hadi Lusaka. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na changarawe. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa tope.

Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, wabia wakiwa serikali hizo mbili pamoja na kampuni ya Kiitalia iitwayo Intersomer. Haishangazi basi kwamba malori yake yalikuwa Fiat. Katika miaka hiyohiyo Waitalia walikuwa kila mahali kwenye njia ya mafuta. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966 kilikuwa cha ubia na Waitalia, na bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilijengwa na kampuni ya Snamprogetti ya Italia. Yaani Mwitalia mmoja aliuza lori la kubebea mapipa, na Mwitalia mwingine akajenga bomba la kuyafuta mapipa hayo barabarani. Waliosoma nami walicheka niliposema hivyo darasani, lakini nadhani ni jambo la kufikiriwa.

Familia ya Fiat 682 ilianza kutengenezwa mwaka 1952. Ilikuwa na matoleo mawili makuu. 682N lilikuwa lori linalobeba mzigo mgongoni na, likitaka, kuvuta tela nyuma. 682T lilikuwa kichwa kitupu chenye sahani nene ya chuma ambayo shingo ya tela hulala juu yake. Injini ilikuwa ya dizeli, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake zaidi ya lita 10. Bara zima, kuanzia Afrika Magharibi mpaka Pembe ya Afrika, lilipenda gari hili hata likaitwa Mfalme wa Afrika. Sababu si siri: lilikuwa zito, polepole, na fundi mwenye spana chache na subira aliweza kulifufua. Leo limekuwa adimu, hasa toleo la T. Mengi yalikatwa yakauzwa kwa kilo.

Kichwa nilichokipima kimo katika yadi ya gereji moja nje kidogo ya Lubumbashi. Hakina injini wala vioo. Nyuma yake kuna tela lililobaki chesisi na mbao chache za sakafu. Usukani uko kulia. Mtu wa Kongo, ambako tunaendesha upande wa kulia wa barabara, akiona usukani wa kulia anasema mara moja kwamba gari limetoka Zambia au Tanzania, na mwenye gereji alisema hivyohivyo. Lakini kwa lori hili usukani si ushahidi. Malori mazito ya Italia ya wakati ule yaliwekewa usukani kulia hata kwa matumizi ya nyumbani kwao, ambako nao wanaendesha kulia. Maelezo ya kawaida ni kwamba katika barabara nyembamba za milimani dereva alitaka kuona ukingo wa korongo ulipo. Kwa hiyo usukani ulizaliwa kwa ajili ya milima ya Alpi, ukafika Tanzania na Zambia ukawa sawasawa na sheria za barabarani za huko bila mtu kubadilisha chochote. Kuhusu gari la yadini, mahali lilipofanyia kazi naliacha. Nilichohitaji kwake ni vipimo.

Nilichagua 1:20 kwa sababu ya hesabu rahisi: sentimita moja ya kweli inakuwa nusu milimita. Upana wa mita 2.5 unakuwa milimita 125. Tairi lililoandikwa 12.00-20 ubavuni lina kipenyo cha takriban mita 1.12, kwa hiyo kwenye modeli ni milimita 56. Matairi niliyakata kwenye soli za kandambili, kazi ambayo kila mtoto wa Katuba au Kamalondo anaijua. Soli moja ina unene wa milimita 15 hivi, ambao karibu ndio upana wa tairi lenyewe kwa skeli hiyo. Sikulazimika kuunganisha soli mbili. Rimu zilinisumbua zaidi. Malori haya yalikuwa na gurudumu lenye miguu mifupi kama ya buibui, na juu ya miguu hiyo hukaa rimu ya vipande vitatu inayofunguliwa kwa mtarimbo kando ya njia. Nilikunja miguu kwa waya wa shaba na kuilehemu. Ni magurudumu manne kwa kichwa upande wa nyuma, mawili mbele, manane kwa tela; jioni nyingi zilikwenda hapo.

Kibanda cha dereva nilikikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Bati lake ni laini, linakubali mkunjo wa mviringo pale mbele. Usoni gari hili lina utepe wa chuma unaong'aa uliogawanyika pande mbili kama masharubu, na Waitalia wenyewe waliliita kibanda cha sharubu. Bila sharubu hizo mtu hatalitambua. Nilizitengeneza kwa karatasi ya ndani ya paketi ya sigara.

Hapa niseme neno kuhusu magari ya waya. Watoto wa Lubumbashi wanayatengeneza, na watoto wa Zambia na Malawi, ambako huitwa galimoto. Nilipokuwa nikipima kwa rula niliyaangalia upya. Mtoto hajali urefu wa chesisi. Lakini karibu kila mara anaweka kitu juu ya lori lake: kokoto, kipande cha muhogo, mfuko wa mchanga. Modeli nyingi nilizoziona katika picha za wapenzi wa fani hii huko Ulaya ni safi, zinang'aa, na hazina mzigo. Kwa lori la Njia ya Jehanamu, mzigo ndio sababu ya kuwepo kwake. Nikaamua kwamba modeli yangu itabeba.

Itabeba nini, na kiasi gani? Nilichukua tani 20 kama shehena ya kukadiria. Pipa la kawaida la mafuta hubeba lita 200. Dizeli ya lita 200 ina uzito wa kilo 168 hivi. Ongeza chuma cha pipa, unafika kama kilo 188. Tani 20 basi ni mapipa 106. Pipa lina kipenyo kinachokaribia sentimita 58 na kimo cha sentimita 88, yaani milimita 29 kwa 44 kwenye modeli. Nilitafuta mpini wa jembe, nikauchonga hadi milimita 29, nikaukata vipande.

Sakafu ya tela la yadini ina mita 10 kwa mita 2.4. Kwenye modeli ni milimita 500 kwa 120. Mapipa manne yanakaa kwa upana, na safu 17 kwa urefu. Hayo ni mapipa 68, na sakafu imejaa. Yamebaki 38, na mahali pake ni pamoja tu: juu. Nilipoyapandisha, kimo cha mzigo peke yake kilifika milimita 88, yaani mita 1.76 halisi, juu ya sakafu ambayo yenyewe iko juu ya usawa wa kiuno cha mtu. Kwenye karatasi "tani 20 za mafuta" ni namba tulivu. Mezani kwangu ulikuwa mnara wa vyuma vya mviringo, uzito wake ukiwa juu, ukienda kushuka Kitonga au kuzama katika shimo la tope upande mmoja. Dereva aliyekubali safu moja tu alipeleka tani 12.8. Aliyetaka tani 20 alijenga ghorofa. Katika uamuzi huo kuna historia ya mishahara, ya amri za kampuni na ya woga, na takwimu za tani zilizofika Ndola haziwezi kuionyesha.

Kuna hesabu nyingine inayotokana na hiyo. Tukichukua kwamba lori la namna hii lilikunywa lita 45 kwa kilomita 100, safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 3,800 ilihitaji lita 1,710. Hayo ni karibu mapipa tisa. Kwa mzigo wa mapipa 68, lori lilitumia pipa moja kati ya kila manane yaliyobebwa, ili tu kufika na kurudi. Sasa naelewa kwa nini bomba lilijengwa kwa haraka ile.

Kuhusu namna ya kufunga mapipa nilimwendea mzee mmoja wa mtaa wetu. Alizaliwa Katanga, akavuka mpaka akiwa kijana wakati wa vurugu za kujitenga kwa jimbo letu, na katika miaka ya mwisho ya 1960 alikuwa utingo kwenye malori ya barabara hiyo. Sisi tungesema boi-shofere. Nilimwonyesha modeli ikiwa na mapipa yake yote 106. Aliizunguka, akagusa sharubu, akacheka. Kisha akaniuliza:

"Na mimi niko wapi?"

Nikamwambia, "Papa, dereva nitamweka, na wewe utakaa pembeni yake."

"Pembeni ya dereva alikaa mwenye kulipa. Boi alikaa juu."

Alinieleza kwamba ghorofa ya pili ya mapipa ililazwa juu ya mbao ili yasitelezeane, na kwamba kamba ilikuwa ya katani kwa sababu mnyororo uliyatoboa mapipa yaliposuguana. Akanieleza kazi ya kabari. Ni kipande cha gogo kilichochongwa pembe tatu. Lori likipanda mlima polepole kuliko mtu anayetembea, boi aliruka chini na kuifuata gurudumu la nyuma akiwa na kabari mkononi. Gia ikikataa, au injini ikizima, aliitupia nyuma ya tairi kabla lori halijaanza kurudi. "Breki ilikuwa mimi," alisema. Kwenye chesisi ya tela la yadini kuna ndoano iliyochomelewa nyuma ya ekseli ya mwisho, imelika upande mmoja kama kitu kilichoning'inizwa na kuyumba kwa miaka. Nilikuwa nimeipima bila kujua ni ya nini. Kabari ya skeli ya 1:20 inatoka na ukubwa wa punje kubwa ya mahindi.

Sasa nije kwenye safari ya kurudi, ambayo ndiyo iliyonipa kichwa cha insha. Malori hayakurudi Dar es Salaam matupu. Yalibeba shaba. Shaba ina uzito wa tani 8.96 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tani 20 ni mita za ujazo 2.23 tu. Ukizitandaza kwenye sakafu ileile ya mita 10 kwa 2.4, unapata tabaka la sentimita 9.3. Kwenye modeli ni chini ya milimita 5, wembamba kuliko penseli. Mikuo ya shaba ya siku hizo ilikuwa na unene unaokaribia huohuo, kwa hiyo tani 20 zilikuwa kama tabaka moja la mikuo lililolala sakafuni, na turubai juu yake. Mtu aliyesimama kando ya njia Makambako aliona lori likienda kusini limejaa hadi juu, na siku chache baadaye akaliona likirudi kama tupu. Uzito ulikuwa uleule.

Kwetu hili si jambo la kale. Yeyote aliyesimama Kasumbalesa anajua malori ya leo yanayotoka migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, mengi yakiwa na namba za Tanzania, yakipeleka mabamba ya shaba Dar es Salaam kupitia Nakonde na Tunduma. Turubai liko chini, limebana sakafu, na tairi zimejaa tumbo. Watoto wa huko hawadanganyiki. Wanatazama tairi, hawatazami turubai. Katika miaka ya 1960 shaba ya Katanga ilikuwa na njia zake nyingine, za reli na mto hadi Matadi na reli ya Benguela hadi Lobito. Ilikuja kuelekea barabara hii baadaye sana, Benguela ilipofungwa na vita vya Angola kuanzia 1975 na njia ya ndani ilipochakaa. Kwa hiyo wanaopanga foleni leo Kasumbalesa wanapita katika njia iliyofunguliwa kwa dharura ya nchi nyingine.

Rafiki yangu anayesoma uhandisi aliniuliza uzito wa mzigo kwa skeli. Urefu ukigawanywa kwa 20, uzito unagawanywa kwa 8,000, kwa hiyo tani 20 ni kilo 2.5. Nilinunua waya wa shaba chakavu wa kilo hizo kwa fundi wa kurudisha mota, aliyenionyesha kwanza kwamba si nyaya za umeme zilizokatwa usiku. Katika mji wetu lazima uulize. Nikaugonga bapa na kuutandaza. Modeli ilibeba bila kutikisika, nikafurahi. Rafiki yangu hakufurahi. Alinieleza kwamba kitu kidogo huwa na nguvu kuliko kikubwa cha umbo lilelile, kwa sababu uzito unapungua kwa mchemraba na eneo la mkato wa chuma kwa mraba tu. Springi yangu ya bati ya kopo haithibitishi lolote kuhusu springi ya Fiat. Hapo modeli inasema uongo, na nimeandika hivyo kwenye kadi yake ili anayeitazama asidhani kwamba safari ilikuwa nyepesi.

Barabara yenyewe iliwekwa lami kidogo kidogo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bomba lilianza kazi mwaka 1968 na kuondoa sehemu kubwa ya mapipa. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976 na kuchukua shaba. Vitabu vinapenda sana mambo hayo mawili, na vina haki. Ni kazi kubwa, zina picha za marais na siku za uzinduzi. Lakini kati ya Desemba 1965 na siku mafuta yalipotiririka Ndola, kulikuwa na miaka ambayo nchi iliegemea malori, na katika miaka hiyo hakukuwa na siku ya uzinduzi.

Nilipowasilisha kazi, mhadhiri alikubali mapipa, akakubali shaba, akakubali hata kabari kwa sababu ya ndoano. Alichokataa ni sanamu ya boi. Alisema kila kitu kwenye modeli kimepimwa isipokuwa yeye, ambaye anategemea maneno ya mzee mmoja. Ni pingamizi la haki na tulibishana darasa zima. Nilijibu kwamba dereva wa sanamu naye sikumpima, na hakuna aliyeuliza ushahidi wake, kwa kuwa kila mtu anakubali bila hoja kwamba lori lina dereva. Kama gogo lilitupwa nyuma ya tairi, kuna mkono uliolitupa, na mkono huo haungeweza kuwa wa aliyeshika usukani.

Nimemwacha. Ni wa udongo wa mfinyanzi, na angesimama angekuwa na milimita 83. Modeli ikiwa na mapipa anakaa katikati ya safu ya juu, amejishika kamba. Ikiwa na shaba hakuna cha kushika, kwa hiyo nilirudi kwa mzee kumwuliza. Alisema walikaa juu ya turubai, mgongo umeegemea kibanda, uso ukitazama nyuma, kwa sababu ya upepo, na kwa sababu shaba iliyopigwa jua mchana kutwa ilikuwa bado na joto usiku, mkifika Mbeya kwenye baridi.